Dakika Sita za Mieleka: Pumzi Yako Uitumie Wapi

Huu ni mji wa wakimbiaji, na vijana ninaowafundisha mieleka hapa Arusha wamekulia humo. Ukimwambia kijana akajenge pumzi, kesho yake alfajiri utamkuta barabara ya Moshi anaelekea Tengeru. Anarudi amelowa jasho, ameridhika kabisa. Jioni tukishikana, dakika ya pili haijaisha vidole vyake vimeshagoma kufunga.

Mbio ndefu sizikatai. Zinaujenga moyo, na mara mbili kwa wiki zinatosha. Ila pambano la mieleka haliendi kwa mwendo mmoja. Kwa wakubwa ni vipindi viwili vya dakika tatu, katikati mapumziko ya sekunde 30. Ndani ya hizo dakika kuna sekunde chache za kuvuta kwa nguvu zote, kisha kusukumana shingo, kisha unalipuka tena. Nguvu ya mlipuko iliyo tayari kwenye misuli hudumu kama sekunde kumi hivi. Zikipita, mwili unaunguza sukari bila hewa ya kutosha, na hapo ndipo misuli inapoanza kuwaka moto. Mikono hufa kabla ya miguu kwa sababu misuli iliyokazwa muda wote inabana mishipa, damu haipiti vizuri.

Ndiyo maana nasisitiza: fanya mazoezi yanayofanana na pambano. Panda kilima cha Themi kwa kasi sekunde 15 hadi 20, shuka ukitembea, rudia. Beba ndoo mbili za maji bila kuzitua. Ning'inia kwenye bomba ulilofunga taulo, ushike taulo lenyewe. Na zoezi ninalolithamini kuliko yote: mmoja anakaa katikati dakika tatu, na kila dakika anaingia mwenzake ambaye hajachoka. Sekunde 30 za kupumzika, halafu tena. Ni zoezi gumu, kwa hiyo usilifanye kila siku. Mwili unahitaji siku ya kupona, hasa kwa mgeni aliyetoka Dar, maana Arusha ipo mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari na siku za mwanzo kifua kitamlalamikia.

Kuhusu kugawa nguvu, vijana huniletea mfano wa Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Wanasema kama Bayi alitangulia, na sisi tutangulie. Nampenda Bayi kwa moyo wote, lakini hakuna aliyekuwa amemning'inia shingoni. Kwenye mieleka unaweza kumchosha mwenzako bila wewe kuchoka sana, na huo ndio ufundi wenyewe.

Dakika ya kwanza pigania mikono. Weka paji la uso wako kwenye shavu lake au chini ya sikio, kiganja nyuma ya shingo yake, kisha acha kiwiko kining'inie kifuani kwake. Usivute kwa misuli ya mkono, mwachie uzito wa mwili aubebe yeye. Kila anapoinua kichwa, anainua na mkono wako. Huku wewe toa pumzi taratibu. Wengi hubana pumzi kila wanaposhika, na hilo linawamaliza haraka kuliko mpinzani.

Lakini usikae tu. Katika mtindo huru, yaani ule unaoruhusu kushika miguu, dakika mbili zikipita bila pointi, lazima mwamuzi amtaje mmoja wenu kuwa mzembe, na huyo ana sekunde 30. Hakuna aliyepata kitu humo, mwenzake anapewa pointi moja. Kwa hiyo mashambulizi mawili ya kweli, ya kuingia miguuni hasa, yafanye kabla ya dakika ya pili kwisha. Mashambulizi ya kujionyesha yanakula pumzi na hayamdanganyi mwamuzi.

Kengele ya mapumziko ikilia, simama wima.  Kung'uta mikono, sukutua kinywa kwa maji, sikiliza jambo moja tu la kocha.

Nguvu kubwa iwekee kipindi cha pili, hasa dakika ya mwisho. Pointi zikilingana na kila kitu kikiwa sawa, aliyepata pointi ya mwisho ndiye mshindi. Mkiwa mmefungana pointi 1-1, wewe ukiwa nyuma kwa kigezo hicho, huna muda wa kusukumana. Mpeleke ukingoni, maana kumtoa nje ya duara nako ni pointi.

Na mpango wote huu hauna kazi kama umejikausha ili uingie kwenye daraja la uzito. Nimeona vijana wamevaa masweta wakiruka kamba juani, wanatema mate kwenye kopo usiku kucha, halafu asubuhi hawana mguu wala mkono. Punguza chakula kidogo kidogo wiki kadhaa kabla, au panda daraja la juu. Ukishapimwa, anza na maji yenye chumvi kidogo na sukari kwa mafunda madogo, kisha uji au ndizi mbivu. Mtori wa nyama subiri mpaka pambano lako la mwisho la siku liishe.