Mpambaji Anataka Asilimia 80, Mpishi ni Mama Mdogo wa Mchumba

Swali: Shikamoo Mama Kamati. Ninafundisha shule ya msingi hapa Tukuyu. Tunafunga ndoa kanisa la Moravian, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, na ukumbi ni huku huku, wageni 250. Mpambaji tumempata Mbeya mjini kwa kuona picha zake mtandaoni, na ni nzuri mno. Bei yake ni milioni 1.8 na anataka tumtumie asilimia 80 kabla ya Jumamosi hii, la sivyo tarehe anampa mwingine. Kamati ndiyo kwanza imekusanya laki tisa. Upande wa chakula, mama mkwe mtarajiwa anasema mdogo wake ni mpishi, apewe yeye kazi "ili hela ibaki nyumbani". Nitamjuaje mtu wa kweli, na huyu ndugu nimwambieje?
*Bibi harusi mtarajiwa, Tukuyu*

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera.

Usitume hiyo milioni moja na laki nne na arobaini, hata kamati ingekuwa nayo mkononi. Mpambaji kudai advansi ya kushika tarehe ni haki yake, kwa sababu Jumamosi akishakupa wewe hawezi kumwuzia mtu mwingine. Lakini asilimia 80 si advansi tena, ni malipo. Anabaki anakudai laki tatu na sitini, na sijui ni nani ataamka saa kumi alfajiri kupakia vitambaa kwa ajili ya laki tatu na sitini wakati nyingine yote ameshaila.

Najua ninachosema. Nilipomwoza mwanangu wa pili pale Uyole tulilipa yote mwezi mzima kabla, kisa tulipunguziwa laki mbili. Siku ya harusi saa tatu asubuhi nikaenda ukumbini na kanga zangu mbili. Viti vya plastiki vimepangwa nusu, na juu ya rundo la vitambaa amelala kijana mmoja. Nikamwamsha. Bosi wako yuko wapi? Yuko Tunduma, mama, ana harusi nyingine, kaniambia nianze na meza kuu. Nikashika kitambaa cha juu: kibichi, na pindoni punje za wali wa harusi ya watu zimeganda. Tukatafuta pasi nyumba za jirani, tukapiga pasi mimi na akina mama wa jumuiya mpaka saa nane. Kwenye picha za meza kuu ninaonekana na plasta kwenye kidole gumba.

Tangu siku hiyo picha za mtandaoni si kitu cha kwanza ninachoangalia. Inaweza kuwa kazi ya mtu wa Dar, au hata ya Nairobi, utajuaje? Mimi ninauliza swali moja: Jumamosi hii unapamba wapi? Halafu ninakwenda. Siendi usiku taa zinawaka na kila kitu kinang'aa, naenda saa nne asubuhi wakati ngazi bado zimesimama. Hapo utaona amekuja mwenyewe au ametuma vijana, vitambaa vimepigwa pasi au vimetolewa kwenye kiroba hivyo hivyo, na ukimkuta amechelewa utasikia anavyoongea na wenye harusi. Asiye na kazi ya kukuonyesha wiki hii wala wiki ijayo, akupeleke kwa bibi harusi wa miezi mitatu iliyopita, umwulize bila yeye kuwepo.

Na usimpite mlinzi wa ukumbi, wala yule mama anayefagia. Hao ndio wanaojua nani huacha misumari ukutani na nani huondoka na viti vya watu. Soda moja inatosha.

Kwa kuwa anatoka Mbeya mjini, kilomita 70 hivi mpaka kwenu, mwulize gari ni la nani, mafuta ya nani, na vijana watalala wapi. Haya ndiyo yanayozua "nyongeza kidogo mama" Ijumaa jioni. Kama mnataka mapambo ya nje, mwulize pia ana turubai, maana Rungwe mvua haifuati kalenda.

Kisha andikianeni. Karatasi ya daftari inatosha, hasa wewe mwalimu huwezi kukosa daftari. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hata makubaliano ya mdomo ni mkataba, ila mbele ya hakimu maneno ya mdomo utayashika wapi? Andika tarehe, ukumbi, idadi ya meza, rangi, saa ambayo kazi lazima iwe imekamilika, na kwamba atakuwepo yeye mwenyewe. Andika pia kuwa asipotokea anarudisha kiasi gani. Pesa igawanyeni mara tatu: laki tano na arobaini sasa, laki tano na arobaini wiki mbili kabla, na laki saba na ishirini asubuhi ya harusi ukumbi ukishapambwa. Hiyo inaendana pia na kamati zetu, maana unazijua ahadi za michango, mtu anatoa Alhamisi ya wiki ya harusi. Ukituma kwa simu, jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri liwe ndilo lililo kwenye karatasi. Akikataa utaratibu huu, mwache hiyo tarehe ampe huyo mwingine. Mwezi wa kumi si Desemba, wala si zile Jumamosi za baada ya Pasaka ambapo kila aliyesubiri Kwaresima iishe anagombea ukumbi.

Sasa mama mdogo. Usimkatae, na usimkubali bado. Mwulize ameshapikia watu wangapi kwa mkupuo. Akisema amepika misiba, mpe alama nyingi, maana msiba haukupi hata siku mbili za kujiandaa. Mwulize na mchele: kwa hesabu yangu kilo moja inalisha watu saba hivi kukiwa na ndizi na vingine, kwa hiyo kilo 35 mpaka 40 zinawatosha. Akiandika 80, hizo nyingine zina safari yake. Halafu mwulize maharage anayabandika saa ngapi. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100 kama pwani, kwa hiyo maharage yanachelewa kuiva. Niliwahi kumwona mpishi aliyetoka Dar akiyabandika saa nne asubuhi kama alivyozoea kwao. Saa tisa alasiri yalikuwa bado yanalia kwenye sahani. Mpishi wa huku atakujibu bila kufikiri kwamba anayabandika usiku.

Akifaulu, apewe kazi kwa karatasi ile ile kama ya mpambaji, asaini na mwenyekiti wa kamati, asisaini na wewe. Hela itabaki nyumbani, sawa, ila chakula kikipungua na lawama nazo zitabaki humo humo, na wewe ndiye unayehamia. Asipofaulu, neno la kukataa lisitoke kinywani mwako. Mwenyekiti aseme kamati imeamua, na mama mdogo aombwe kusimamia mpishi: ahesabu sahani zinapoingia, ahesabu na zilizoliwa, ashike funguo za chumba cha chakula. Mpishi wa kukodi akijua kuna mama wa ukoo amekaa kwenye kigoda karibu na mahotipoti, nyama haipotei.

Swali: Mama Kamati, tulifunga ndoa mwezi wa tano, mpiga picha tukamlipa yote. Mpaka leo kila nikipiga simu, "video iko kwenye kuhariri, kaka". Tufanyeje?
*Mume, Makambako*

Jibu: Acha kupiga simu baba, nenda na mkeo asubuhi anapofungua. Msidai video iliyohaririwa, daini picha na video ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla kadi hazijafutwa kwa harusi nyingine. Kuhariri atawafanyia mtu mwingine. Akizungusha, mpeni barua yenye siku kumi na nne, nakala kwa mtendaji wa mtaa, na ule ujumbe wa malipo msiufute kwenye simu kwa sababu mkifika Mahakama ya Mwanzo ndio ushahidi wenu. Na diski bebeni ya kwenu, asije akasema flashi zake zimejaa.