Maneno yale yale, matokeo tofauti

SWALI: Mimi na mwenzangu tunasomea kilimo hapa Gulu. Tuliandika Google maneno yale yale kuhusu ugonjwa wa mihogo, kila mmoja kwa simu yake, tukapata orodha mbili tofauti. Mhadhiri anatutaka tutumie hifadhidata za maktaba. Je, huko tatizo litakwisha?
Mwanafunzi, Gulu

JIBU: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Google hupanga matokeo kwa kuangalia pia mahali ulipo, lugha ya simu na mambo uliyowahi kutafuta. Tangu Desemba 2009 hata asiyeingia kwenye akaunti hupangiwa hivyo. Dirisha la faragha huficha historia yako tu. Mahali ulipo bado panakisiwa kupitia anwani ya mtandao.

Hifadhidata ya maktaba kwa kawaida hufuata maneno na vichujio ulivyoweka, bila kujali wewe ni nani. Ndiyo maana msimamizi wako anaweza kurudia utafutaji wako na kuukagua, na utafiti hauwezi kukosa jambo hilo.

Muulize mkutubi nywila ya AGORA, sehemu inayokusanya majarida ya kilimo katika Research4Life, mpango unaozipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu. Usiandike sentensi nzima. Anza na jina la kisayansi, kwa kuwa majina ya kawaida hubadilika:

"Manihot esculenta" AND Uganda AND virus*

Alama za nukuu hushika maneno pamoja, AND hudai yote yawepo, nyota huleta miisho yote ya neno. Usipopata kitu, mara nyingi umerundika AND nyingi mno: ondoa neno moja, au unganisha visawe kwa OR, kwa mfano cassava OR "Manihot esculenta". Ukichanganya AND na OR, weka kundi la OR ndani ya mabano, la sivyo mashine italisoma vingine. Kosa jingine ni kuweka alama kwenye kichujio cha makala kamili mapema. Makala muhimu ambazo maktaba haijalipia zitatoweka, nawe utadhani hazipo. Soma ikisiri (muhtasari wa makala) kwanza, kisha mwombe mkutubi akutafutie makala yenyewe.

Andika daftarini tarehe, jina la hifadhidata, maneno kama yalivyo, vichujio na idadi ya matokeo. Bila hayo, sura yako ya mbinu za utafiti itapwaya.

Hata hivyo, msiitupe Google. Ripoti nyingi za serikali, zikiwamo za watafiti wa mihogo wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge, huenda zisiwe kwenye majarida. Andikeni cassava site:go.ug, nayo itawaletea kurasa za serikali ya Uganda pekee.

SWALI: Na Google Scholar, ile Google ya makala za kitaaluma, je?

JIBU: Inafaa kwa kuanzia, hasa kuona nani amemnukuu nani. Ila haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja, hata ikidai imepata maelfu, na vichujio vyake ni vichache. Kwa mapitio ya machapisho, usiitegemee peke yake.