Kabla ya kununua lampu nyingine, pima omu

Ndugu, umesema ukisikiliza muziki kwa hedifoni kwenye ampli yako ya lampu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), besi inavuma hadi inamfunika mwimbaji, na ukipandisha sauti ampli inakwaruza, kwa hiyo unataka kubadilisha lampu. Shika hela yako kwanza. Mimi hapa Lubumbashi nilinunua lampu jozi mbili kwa ugonjwa huohuo na hazikuponya kitu. Hedifoni yangu ilikuwa ya omu 32 kama yako (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na ampli haina transfoma ya kutolea sauti, ile inayoilinganisha ampli na hedifoni, kama yako pia.

Ampli za aina hiyo zina impidansi kubwa, yaani ukinzani dhidi ya mkondo wa sauti, kwenye tundu la hedifoni. Yangu niliipima. Nilicheza toni ya hezi 100 kwa sauti ndogo, tundu likiwa tupu, mita ikasoma volti 1. Nikaunga resista, kipande cha kuzuia mkondo, ya omu 100 niliyopewa na fundi redio wa Kamalondo, ikashuka hadi 0.5. Volti zikishuka nusu, ujue impidansi ya ampli imelingana na ya resista. Basi kwa hedifoni ya omu 32, robo tu ya volteji inafika masikioni, nyingine inapotelea ndani. Ndiyo maana unapandisha, na lampu haziwezi mkondo mwingi hivyo, zinakwaruza.

Besi nayo: omu za kwenye boksi hazikai palepale. Hedifoni nyingi za koili, yaani waya uliozungushwa unaotikisa kiwambo, hupanda kwenye besi. Ya 32 ikifika, tuseme, 64, hapo sehemu kubwa zaidi ya volteji inafika masikioni, besi inaongezeka desibeli 4 hivi, gita la besi la rumba linavimba. Usiku mmoja niliazima hedifoni ya Sennheiser HD 600, ya omu 300. Lampu zilezile. Nikamsikia Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wetu wa Katanga, kidole gumba kikitembea peke yake chini ya nyuzi nyembamba, na sikulala mapema. Hata hedifoni hiyo hupanda kwenye besi hadi omu 500 na ushei, lakini kwenye ampli yangu ongezeko ni karibu desibeli 1 tu.

Tafuta hedifoni ya omu 250 kwenda juu. Beyerdynamic DT 880 ipo hadi ya 600. Kama unaipenda mno hii ya 32, badilisha ampli, chukua yenye transfoma. Wanaokushauri kuunga resista kwenye waya wa hedifoni usiwafuate, resista hiyo inajumlika na impidansi ya ampli, uvimbe wa besi utazidi.

Na umeme ukikatika, chomoa hedifoni kabla haujarudi, maana kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme ndani ya ampli, zikijaa hupiga kishindo. Mimi husubiri dakika 2 lampu zipate moto ndipo nachomeka.