Mwanangu, hukuiona saa kumi ya babako

Majengo, Mombasa

Mwanangu Salim,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza ni usiku uleule ulipoingia, nikakosa usingizi. Mara ya pili baada ya sala ya alfajiri. Mara ya tatu nilimsomea dadako kwa sauti, ingawa uliniomba nisimwambie mtu. Nisamehe kwa hilo. Lilikuwa zito, nikataka kusaidiwa kulibeba.

Umeniambia kocha alikuita ofisini akakueleza kwamba mkataba hauongezwi, goti limekataa na miaka imefika 35. Ukarudi nyumbani, ukajifungia na simu, ukamtazama Gascoigne, yule mchezaji Mwingereza, alivyokuwa zamani na pombe ilivyomfanya. Halafu ukaniuliza: "Mama, baba aliwezaje kuacha mpira? Mbona mimi siwezi?"

Salim, babako hakuweza. Jambo hili nimelifungia kifuani miaka yote hii nikidhani namsitiri marehemu, Mungu amrehemu. Wewe unamkumbuka mzee wa filimbi, mpole, anayesalimiwa kila kona ya Majengo. Kabla ya huyo aliishi mtu mwingine ndani ya nyumba hii kwa karibu miaka miwili, na nyinyi watoto nilikuwa nikiwaambia baba anaumwa. Sikudanganya. Ila sikuwaambia anaumwa nini, kwa sababu hata mimi sikujua.

Nianze na huyo Gascoigne, maana kwetu si mgeni. Tarehe 4 Julai 1990, saa tatu usiku, mtaa mzima ulikuwa umejaa kwenye ua wa jirani mwenye televisheni. Wanaume wamekaa chini, wengine wamepanda ukutani, sisi wanawake tumesimama mlangoni, nawe una miezi minne nimekupakata. Uingereza na Ujerumani Magharibi, nusu fainali ya Kombe la Dunia, mjini Turin. Kijana alipoonyeshwa kadi ya njano, akajua kwamba hata timu yake ikishinda yeye fainali hachezi, midomo ikaanza kumtetemeka. Uani watu wakaangua kicheko, mwanamume mzima analia! Babako hakucheka. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Wanamcheka kwa sababu hawajui anacholilia. Amenyang'anywa mechi moja tu. Siku atakayonyang'anywa zote itakuwaje?"

Nikaona ni maneno ya mpira, nikayasahau. Mwaka uliofuata kijana yule akavunjika goti kwenye fainali ya Kombe la FA. Akapona, akaenda kucheza Italia, na mwaka 1996 akaifunga Uskoti lile bao ambalo hata wasiopenda mpira waliliona. Baada ya hapo habari zake zikawa za pombe na hospitali, hadi mwaka 2013 watu waliompenda wakachanga pesa apelekwe Marekani kutibiwa.

Na mwaka 1996 huohuo babako akatundika daluga.

Enzi zao mchezaji halipwi kwa mpira kama nyinyi. Kampuni inakuwa na timu, ikikutaka uwanjani inakupa kazi. Babako aliajiriwa karani wa stoo kwa ajili ya mguu wake wa kushoto, na kila mtu pale kazini alilijua hilo. Mguu ulipokwisha, karani naye akawa hana maana. Walipopunguza wafanyakazi jina lake lilikuwa la mwanzo mwanzo kwenye orodha. Hakuagwa hata kwa soda. Tukaishi kwa cherehani yangu, kwa sare za shule, na Mungu hakutuacha na njaa. Kwa hiyo usifikiri pesa ndiyo iliyomwangusha.

Kilichomwangusha ni saa kumi ya alasiri.

Kwa miaka kumi na tano, babako akitoka msikitini kusali alasiri, anachukua mkoba wake nyuma ya mlango na kwenda mazoezini. Hakuhitaji kutazama saa. Mwili wenyewe ulikuwa unajua. Sasa mpira umekwisha, lakini mwili haukupewa habari. Ikifika wakati ule anasimama, anakwenda mpaka mlangoni, mkono unanyooka kwenye msumari wa mkoba, halafu anakumbuka. Nilimwona akifanya hivyo siku nyingi. Anageuka, anaingia chumbani, anatoka, anakunywa maji asiyokuwa na kiu nayo, anarudi chumbani.

Siku moja nilikuwa nashona, nikasikia mtu anasugua kitu uani. Nikachungulia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya karai, daluga zake zimo majini, anazisugua kwa mswaki wa zamani, jino moja moja. Maji yalikuwa meupe. Halikuwemo hata punje la tope, kwa sababu wiki iliyotangulia alikuwa ameziosha vilevile, na kabla ya hapo vilevile. Akachomoa kamba zake, akazifua kwa sabuni, akazianika kwenye kamba ya nguo, kati ya blauzi za sare nilizokuwa nimezilowesha asubuhi. Kisha akavuta kigoda akakaa akizitazama zikidondosha maji mpaka adhana ya magharibi.

Nilirudi kwenye cherehani. Nilikaa nikabonyeza kanyagio na sindano haina uzi. Ningeweza kwenda kukaa naye kigodani, hata bila kusema neno, na sikwenda. Niliona haya. Mpaka leo lile linaniuma kuliko mengine, mwanangu.

Kisha ikaja baraza ya pale kona. Usiwalaumu wale wazee, walimpenda kikweli. Watoto wakimwona anapita walipiga kelele "Kadenge na mpira!", kama redio ilivyokuwa ikimtangaza mchezaji Joe Kadenge miaka ya sitini. Wazee wakimlinganisha na vijana wa timu ya Feisal, waliouleta ubingwa wa Kenya hapa Mombasa mwaka 1965. Na kila jioni lazima lisimuliwe lile bao la Uwanja wa Manispaa, alivyoupokea kwa kifua, akamgeuza beki, akaachia kwa kushoto. Kahawa ananunuliwa, miraa anawekewa na bigijii zake, almuradi asimulie. Akisimulia uso unang'aa. Wakitawanyika anarudi nyumbani saa nane, saa tisa usiku, macho makavu, hana usingizi wala hamu ya kula. Pale barazani alikuwa bado kijana wa miaka 24. Hapa kwangu alikuwa baba wa watoto wawili mwenye goti la kufungwa barafu, ile niliyokuwa nikiiomba kwa wauza samaki na kuizungusha kwenye kanga.

Usiku mmoja nilichoka. Nikamwambia, tena mbele yako na dadako: "Wewe si mchezaji tena. Umekwisha. Lini utakuwa mtu?" Hakunijibu. Akavaa viatu, akaenda kwa mamake Kisauni, akakaa siku nne. Pengine unaikumbuka, ulikuwa ukiniuliza kila asubuhi baba yuko wapi. Nakuandikia haya ili siku mkeo akikuropokea neno kama hilo, usidhani amekuchoka wewe. Amechoka kubisha mlango usiofunguliwa.

Mwisho wa mwaka 1997 zikaja mvua za El Niño, viwanja vikawa maziwa. Zilipopungua, mwaka 1998, vijana wakarudi Tononoka kama mchwa. Jirani yetu mmoja, mama wa wavulana wanne, akaja mlangoni alasiri moja. "Baba Salim," akamwambia, "wale watoto watauana. Kila mmoja anataka kuwa refa. Njoo dakika kumi tu." Babako akatafuta udhuru, mama wa watu akasimama palepale. Mwishowe akaenda, na kikoi chake na ndara, amenuna.

Akarudi magharibi amekasirika. "Hawanijui," akaniambia. "Wananiita mzee. Kuna mmoja hafiki hata kifuani amenitukana kwa ofsaidi!" Sijamsikia akiongea kwa sauti ile kwa muda mrefu. Nikamwuliza kwa hadhari kama kesho atakwenda. Akanitazama kana kwamba nimeuliza upuuzi. "Kesho wanacheza na watoto wa Bondeni. Nani atawashikia filimbi?"

Usidhani alipona siku hiyo. Miraa iliendelea, usiku wa macho makavu uliendelea, na daluga aliziosha tena mara kadhaa, nami safari hiyo nikawa natoka na kigoda changu. Lakini saa kumi ilipata mwenyewe. Miaka mingi baadaye, akiwa kitandani hospitalini, nilimwuliza ni nini hasa kilichomvuta kwa wale watoto. Akafikiri kidogo. "Hawakuwa na habari na bao langu," akasema. "Walitaka kujua tu kama ni kona au golikiki."

Nimelifikiri jibu lile sana. Barazani kila mtu alimjua, na kwa kumjua wakambakisha palepale alipokuwa. Wale watoto walimhitaji kwa kitu kidogo, cha leo, na asipokwenda mchezo unaharibika. Nafikiri hicho ndicho alichokuwa amekipoteza kuliko makofi: kutegemewa mahali fulani, saa fulani.

Kwa hiyo unaponiambia huwezi, mimi sioni kwamba una kasoro ambayo babako hakuwa nayo. Dadako, ambaye wodini anaona mengi, amenisomea kwamba mwaka 2015 FIFPRO, umoja wa wachezaji wa dunia, waliwauliza wachezaji na waliostaafu, na zaidi ya thuluthi ya hao waliostaafu wakakutwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi. Thuluthi, Salim! Kwenye timu ya watu kumi na mmoja hao ni watatu au wanne. Na hao ni waliokubali kujibu. Dadako anataka uonane na mtaalamu, mtu aliyesomea maradhi haya, na mimi nakuomba kama mamako ukubali. Si wazimu, wala si upungufu wa imani. Babako hakukosa sala hata moja miaka ile miwili, na bado aliumwa. Yeye hakuwa na mtu wa kumpeleka. Wewe unaye.

Sikwambii uwe refa wala kocha. Huenda hutaki kuuona uwanja kwa mwaka mzima, na hiyo ni haki yako. Watakuja marafiki kukuita mkae, wakununulie, uwasimulie mechi. Nenda, usiwakatae watu wanaokupenda, lakini uondoke mapema. Na hayo ya chupa unayoanza nayo, yale uliyoyataja kwa mzunguko ukidhani sitayaona, nimeyaona. Tutayazungumza uso kwa uso, wala sitapiga kelele.

Ila nakuomba jambo moja kuanzia kesho. Nyinyi wa siku hizi mazoezi yenu ni ya asubuhi. Uliwahi kuniambia saa mbili mnakuwa uwanjani. Basi hiyo ndiyo saa yako. Ikifika saa mbili nipigie simu. Hata kama huna la kusema, piga. Mimi wakati huo nakuwa nimekwisha kunywa chai na nafunua cherehani, na nitakuwa nangoja kweli, si kwa kukuridhisha. Usiponipigia kazi yangu haitaenda.

Halafu uje nyumbani. Kwa goti lako basi la usiku litakutesa, panda treni. Njoo na zile picha za goti ulizopigwa, zote, dadako anataka daktari wa huku azitazame. Chumba chako nilikuwa nimekijaza marobota ya vitambaa, tangu juzi nayatoa kidogo kidogo. Jana nikiwa huko nimeiona filimbi ya babako ndani ya mkebe wa vifungo. Bado inalia. Kamba yake tu ndiyo imeoza, nitanunua nyingine nikienda mjini Alhamisi.

Ukishakata tikiti niambie siku, dadako apange zamu yake aje kukupokea stesheni ya Miritini.

Mimi mamako.