Nitajuaje kwamba ni Mungu anayeniita?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Nina umri wa miaka 34 na sikulelewa katika nyumba ya kusali. Tangu tulipomzika dada yangu mwaka jana, nimekuwa nikiamka usiku na kusoma Injili aliyoiacha kando ya kitanda chake, na kila ninapoifunga nahisi kana kwamba yuko anayesubiri nimjibu. Sijasikia sauti wala sijaota ndoto. Tena maisha yangu hayajanyooka, kwa maana kuna deni ambalo nimekuwa nikilikana, na mwenye deni hatusemezani tena. Nitajuaje kwamba ni Mungu anayeniita, wala si huzuni tu? Na je, si afadhali nijisafishe kwanza ndipo niende?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa msiba.

Hujakosea kutoitambua sauti. Kijana Samweli alikuwa akilala ndani ya hekalu lenyewe, na hata hivyo Mungu alipomwita mara tatu aliinuka kila mara akamkimbilia kuhani Eli, akidhani kwamba mzee ndiye aliyemwita. Biblia inaeleza sababu bila kumlaumu: Samweli alikuwa hamjui Bwana bado. Aliyetambua ni Eli, mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupofuka, naye akamfundisha kijana maneno machache ya kujibu. Kwa hiyo umefanya vema kuuliza, kwa kuwa wengi wetu tuliutambua wito kwa msaada wa mtu mwingine.

Kuhusu huzuni, sikatai kwamba imo, na Mungu hadharau mlango huo. Lakini hebu isome tena barua yako. Hakuna aliyekuuliza habari za deni, umelitaja mwenyewe. Huzuni humrudisha mtu kwa yule aliyeondoka, kwenye sauti yake na nguo zake, wala si kawaida yake kumkumbusha mtu haki ya jirani aliyoikalia. Moyo unapovutwa kumwelekea Kristo, na papo hapo ukaanza kuchomwa na jambo ambalo ulikuwa umelizoea, mimi naiona hapo kazi ya Roho Mtakatifu. Yesu mwenyewe alisema kwamba hakuna mtu awezaye kuja kwake asipovutwa na Baba, na nadhani hicho unachokihisi unapoifunga Injili ndicho kuvutwa kwenyewe.

Sasa hilo la kujisafisha kwanza. Mathayo aliitwa akiwa ameketi forodhani, kazini kwake, mahali ambapo watu walimwona kuwa mwenye dhambi. Zakayo naye, mkuu wa watoza ushuru, alisema atamrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya, lakini alilisema hilo baada ya Yesu kujialika nyumbani kwake, si kabla. Utaratibu huo una maana kubwa, kwa sababu mtu anayengoja awe safi ndipo amwendee Mwokozi anataka kuifanya mwenyewe kazi ambayo Mwokozi alikuja kuifanya. Deni lako utalilipa, tena ni lazima ulilipe. Ila utalilipa ukiwa umeshikwa mkono.

Kinachonitia hofu kwa ajili yako ni kuahirisha. Liwali Feliki alimsikiliza Paulo akinena habari za haki, kiasi na hukumu itakayokuja, akaingiwa na hofu, kisha akasema: «Sasa enenda zako, nami nikipata nafasi nitakuita.» Nafasi aliipata, kwa kuwa alimwita Paulo mara nyingi wakazungumza, huku akitumaini kupewa fedha, ikapita miaka miwili, akaondoka madarakani akimwacha Paulo kifungoni. Sioni popote panaposema kwamba aliogopa tena.

Hata Augustino, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa, aliahirisha kwa miaka, akitaka kuacha dhambi na wakati huohuo akitaka kubaki nayo, mpaka siku ile ya mwaka 386 alipolia bustanini huko Milano. Alibatizwa na Ambrosi, askofu wa mji huo, Pasaka iliyofuata, mwaka 387. Nawe usishangae ukipewa muda wa mafundisho kabla ya ubatizo. Muda huo hauna maana kwamba umekataliwa.

Basi Jumapili hii nenda kanisani, na baada ya ibada umwendee mchungaji au padri umweleze kama ulivyonieleza mimi. Kisha mtafute huyo unayedaiwa naye, ukiri deni hata kama fedha yote haijapatikana. Na usiku utakapoamka tena, usiifunge Injili haraka. Yatamke kwa sauti maneno ambayo Eli alimfundisha Samweli, «Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia,» ndipo uendelee kusoma. Kama kuna mahali dada yako alipopigia mstari, anzia hapo.