Mtoto mnono, beberu asiyejulikana

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga mbuzi wa maziwa hapa Muheza, Tanga. Ninaye jike mmoja, kila akizaa watoto wake wanaachishwa kunyonya wakiwa wanono kuliko wenzao. Kwa miaka sita nabakiza mabeberu wake tu. Mbona binti za mabeberu hao wengine wanajaza ndoo, wengine hata kikombe shida? Mbegu mbovu haijaisha tu?

JIBU: Marahaba. Haijaisha, na kwa uchaguzi huo haitaisha upesi.

Uzito unaoupima siku ya kumwachisha mtoto umechanganya mambo mawili. Kuna jeni zake mwenyewe, yaani mbegu za urithi, nusu za baba na nusu za mama. Halafu kuna malezi: tumbo alimolala, dang'a, maziwa. Malezi nayo yana jeni zake, ila ni za mama, na mtoto amerithi nusu tu ya hizo. Nusu ipi, hujui. Huenda kijana mnono unamtuza kwa kazi ya mamake.

Sasa beberu. Jeni za maziwa anazo, lakini nani amewahi kumkamua? Ziwe nzuri ziwe mbovu, kwake zimelala. Uteuzi, wako au wa maumbile, huzifikia zikiwa ndani ya jike anayenyonyesha tu. Na kwa kuwa nusu ya nakala zimo kwa madume, makali ya uteuzi katika kila kizazi hupungua kwa nusu. Kwa hesabu, jeni yenye kasoro ya ulezi, ikiwa haifunikwi kabisa na nakala nzima iliyotoka kwa mzazi mwingine, inaweza kudumu kundini kwa kiwango cha karibu maradufu ya ile inayodhuru madume na majike sawasawa. Mjukuu ndiye anayemuumbua babu.

Si kila mara jeni inayofanya kazi kupitia mama huziacha nzuri na mbovu zidumu pamoja, lakini. Yule mdudu mwekundu mnayemchekecha kwenye unga ana jeni iliyoelezwa mwaka 1992, ikaitwa Medea: mama mwenye nayo, watoto wasioirithi hufa. Ikishika, aina nyingine za jeni hiyo hufagiliwa.

Wewe mpime beberu kwa maziwa ya dada zake, kisha ya binti zake wa kwanza. Majike wawili wakizaa siku moja, jaribu kubadilishana watoto, uone uzito unamfuata mzazi au mlezi. Rudia kwa wengi, jozi moja haitoshi. Na tafuta beberu wa ukoo mwingine. Miaka sita ya mama mmoja, zizi lako zima sasa ni ndugu.