Wenzako wakikimbia, nawe utakimbia? Majibu kwa wasomaji wa Kusini

Naongoza kikundi cha mchakamchaka Shangani, Mtwara. Nimebandika bango: "Vijana wengi hawafanyi mazoezi, badilikeni!" Hajaja hata mmoja. Kwa nini?

Kaka, bango lako limewaambia kwamba kukaa bila mazoezi ndiyo kawaida. Kijana akilisoma anajikuta yuko na wengi, basi anatulia. Robert Cialdini, mwanasaikolojia wa Marekani, alitenganisha misukumo miwili: kile tunachoona wenzetu wanafanya, na kile tunachodhani watatusifia au kutulaumu. Wewe umelaumu, lakini papo hapo umeonyesha kwamba wanaolaumiwa ndio wengi. Andika waliokimbia Jumamosi ni wangapi, na kwamba mlifika hadi uwanja wa Nangwanda Sijaona. Mkiwa bado wachache lakini mnaongezeka, semeni mnaongezeka. Jambo linalokua huvuta watu hata kabla halijawa la wengi. Ila usitie chumvi. Mtwara watu wanajuana, na uongo mmoja utakimaliza kikundi.

Nilikuwa nakimbia kila siku. Kikundi chetu cha WhatsApp kilipotangaza kwamba wastani wetu ni siku tatu, nami nikapunguza. Ni uvivu? (Mikindani)

Hapana, dada. Wastani humvuta aliye chini, na aliye juu humshusha. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2007 uliona hivyo kwenye umeme: kaya zilizokuwa zikitumia kidogo, zilipoambiwa wastani wa majirani, ziliongeza matumizi. Zilipochorewa na kikatuni cha uso unaotabasamu, hazikuongeza. Mwambie msimamizi awapongeze wanaozidi wastani.

Kiasi gani kinatosha? (Masasi)

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Baiskeli ya kwenda shambani na kupalilia mikorosho vinahesabika.

Shikamoo. Naona wasichana wa Dar wakikimbia Instagram, lakini mimi nikitoka hapa Lindi mjini nazomewa. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Picha za mbali hazina nguvu mbele ya sauti za mtaani kwako, na kuzomewa ni ujumbe mkali kuliko bango lolote. Kosa si lako. Tafuta wawili watatu wa mtaa huohuo, awe dada, shangazi au jirani, mtoke pamoja saa ileile, kwa mavazi mnayoyaridhia. Na ninyi viongozi wa vikundi vya Lindi, wanaozomea mnawafahamu kwa majina. Waiteni mzungumze nao kabla ya Jumamosi ijayo.